Nje ya Maili Sabini na Tano

Mama yangu alikuwa na mtoto anayelipwa kucheza futiboli ya Kimarekani, na tangu mtoto huyo aanze kulipwa mama hakuwahi kumwona uwanjani hata mara moja. Watu wa kanisani walidhani anawatania. Uwanja wenyewe ulikuwa kando ya mto tu, nusu saa kwa gari kutoka mlangoni petu.

Sababu zilikuwa mbili. Ya kwanza, mdogo wangu Lavelle alikuwa anakaa benchi. Ya pili ilikuwa ile sheria ya televisheni. Siku hizo timu ikicheza nyumbani, hakuna stesheni iliyo ndani ya maili sabini na tano kutoka uwanjani iliyoruhusiwa kuonyesha mechi, hata kama tiketi zote zimekwisha na watu wananing'inia kwenye uzio. Wenye timu waliogopa kwamba mtu akipewa mechi bure sebuleni hatanunua tiketi tena. Kwa hiyo mtu wa California, asiyejua hata mto wetu unaelekea wapi, aliitazama mechi yetu akiwa amenyoosha miguu, na sisi ambao kodi zetu zilijenga uwanja tukawekewa sinema ya kauboi. Mwaka uliofuata Bunge liliilegeza hiyo sheria. Lakini mimi nasimulia Desemba ya 1972, na ya mwaka uliofuata hayakutufaa kitu.

Wanaume wa kiwanda cha chuma nilikofanya kazi walikuwa na dawa yao. Jumapili ya mechi walijazana kwenye magari, wakaenda mbali nje ya lile duara, wakakodi chumba cha moteli. Wanaume kumi kwenye vitanda viwili, na bia, na soseji, na televisheni moja. Wake zao waliambiwa wamekwenda kuwinda. Pennsylvania ni marufuku kuwinda siku ya Jumapili, na kila mke alilijua hilo, lakini hakuna aliyeuliza.

Basi Alhamisi moja simu ikalia nyumbani kwa mama. Nilikuwepo, narekebisha bomba la jikoni.

"Mama," Lavelle alisema, kwa sauti kubwa mpaka nikamsikia kutoka chini ya sinki, "yule jamaa wa mbele yangu amevunjika kifundo cha mguu. Jumapili naanza mimi."

Mama akaishika simu kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa kikombe cha moto.

"Unaanza nini?"

"Kucheza, mama! Kuanzia mwanzo mpaka mwisho!"

Alipoweka simu chini akanigonga mguu kwa kiatu chake.

"Thurman. Toka huko chini. Nataka kumwona."

Si jambo dogo alilokuwa anaomba. Mechi ilikuwa ya nyumbani, na ilikuwa ya mwisho ya msimu. Lavelle alikuwa anaikaribia miaka thelathini, na kila kiangazi timu ilileta vijana wapya wenye mabega kama milango ya ghala. Mwakani huenda angekuwa nami kiwandani anabeba koleo. Mama asipomwona Jumapili ile, hatamwona tena.

"Lavelle si atampa mama tiketi?" aliuliza dada yangu Vernell jioni ile.

"Na kifua chake?" nikasema. Daktari alikuwa amemwambia mama wazi kwamba akikaa masaa matatu kwenye zege katika baridi ya Desemba, atatoka pale amebebwa.

"Basi redio."

"Redio!" mama akadakia. "Miaka mitatu nasikiliza redio. Kuna mtu amewahi kulitaja jina la mwanangu?"

Hapo alisema kweli. Lavelle alikuwa mtu wa mstari wa mbele. Kazi yake ni kusukuma. Anainama, anasubiri, halafu anampiga kifua mtu mnene mwenzake asije akamfikia mrusha mpira wetu. Mpira wenyewe haugusi. Redioni mtu wa namna hiyo hatajwi mpaka akosee.

"Mwachieni Cleophus," akasema Cleophus.

Cleophus ni shemeji yangu, mume wa Vernell. Alifanya kazi posta, alikuwa na gari la Buick refu kama mtumbwi wa mfalme, na tangu nimjue sijawahi kusikia neno "sijui" likitoka mdomoni mwake. Jumamosi aliondoka alfajiri peke yake kwenda kutafuta moteli. Alirudi mchana anapiga honi tangu kona ya mtaa.

"Maili themanini na mbili!" akatangaza hata kabla hajafunga mlango wa gari. "Mita ya gari haisemi uongo. Nimewaongezea saba za sadaka. Chumba nimeshika, mwenye moteli kaniambia televisheni ipo, tena ya rangi."

"Una hakika, shemeji?"

"Thurman, mimi napeleka barua kila pembe ya nchi hii. Unaniuliza mimi habari za maili?"

Lililobaki lilikuwa kanisa. Mama alikuwa mmoja wa akina mama wa kanisa, wale wanaovaa nyeupe na kukaa mbele kabisa, na hakukosa Jumapili ila amelazwa. Mchungaji Gaines aliposikia alikuja mwenyewe nyumbani.

"Dada Odessa, kweli utaiacha ibada kwa ajili ya mpira?"

"Mungu ananitazama mimi kila Jumapili, Mchungaji," mama akamjibu. "Jumapili hii na mimi nina wa kumtazama."

Mchungaji akanywa kahawa yake. Alipokuwa anaondoka alinivuta pembeni akaniomba nimletee matokeo.

Tuliondoka asubuhi: Cleophus kwenye usukani, mama mbele amevaa kofia yake ya kanisani, mimi nyuma na kuku wa kukaanga ndani ya boksi la viatu. Vernell alibaki na watoto. Mama alikuwa amepakata pai ya viazi vitamu iliyofungwa kwa taulo, na hakukubali iwekwe popote pengine. Theluji ilikuwa pande zote mbili za barabara, na barabara yenyewe ilipanda mlima kwa kujikunja, kona baada ya kona.

Cleophus akaweka kanda. Ilikuwa muziki mpya wa vijana, gitaa linalia kama paka aliyebanwa mlangoni, na mwanamume ananong'ona juu yake.

"Huyo anaumwa wapi?" mama akauliza.

"Haumwi, mama. Ni mapenzi."

"Basi amwambie huyo mwanamke apumzike."

Kanda ikatolewa. Kutoka hapo tukasikiliza kwaya za Injili mpaka moteli.

Moteli ilikuwa nyumba ndefu ya mbao kando ya barabara, na magari ya watu wa kwetu bondeni yalikuwa yamejaa mbele yake. Niliwatambua wanaume wa tanuri namba mbili la kiwandani kwetu, wageni pale kama sisi, wakipitisha bia madirishani. Chumba chetu kilikuwa na joto, mama akavua koti, akachagua kiti, akakielekeza kwenye televisheni. Cleophus akawasha. Palikuwa na mtu anauza sabuni.

"Saa saba kamili," Cleophus akasema, akisugua viganja. "Kaeni tayari."

Saa saba kamili farasi akatokea kwenye televisheni, na juu ya farasi, kauboi.

Cleophus akabadilisha chaneli. Mchungaji mmoja wa mjini alikuwa anahubiri. Akabadilisha tena. Watu walikuwa wanarusha matufe ya bolingi. Akarudi kwa kauboi, akaigonga televisheni ubavuni, akazungusha antena, akapanda kitandani na antena mkononi.

"Itakuja," akasema.

Kutoka chumba cha pili tukasikia mwanamume akipiga kelele, "Kauboi! Nani kaleta kauboi?" Halafu cha tatu. Moteli nzima ikaanza kulia kama zizi la ng'ombe wenye njaa.

Nikaenda mapokezi. Mwenye moteli, Bi Hostetler, alikuwa mama wa Kizungu mwenye vibano vya kukunjia nywele kichwani, na tayari wanaume sita walikuwa wanamfokea kwa pamoja. Yeye hakuinuka hata kwenye kiti.

"Mliniuliza kama kuna televisheni," akasema. "Nikasema ipo. Haipo?"

"Lakini hapa ni maili themanini na mbili!" Cleophus alikuwa amenifuata nyuma. "Nimepima mwenyewe!"

"Kwa gari?"

"Sasa ningepima kwa kitu gani tena?"

Bi Hostetler akanyoosha kidole nyuma yake bila kugeuka. Ukutani palikuwa na ramani, pini imechomwa kwenye uwanja wetu, na kwenye pini imefungwa kamba nyekundu, urefu wake maili sabini na tano za ramani.

"Vuta," akamwambia.

Cleophus akavuta. Kamba ikapita juu ya mito na milima, ikapita juu ya moteli, ikaendelea kiganja kizima mbele yake.

"Barabara yenu ina kona," Bi Hostetler akasema. "Kamba haina kona. Na stesheni ninayopata mimi iko ndani zaidi ya hapa. Kila mwezi naletewa wanaume kama nyinyi, na kila mmoja amepima na gari lake."

"Ungetuambia!" mmoja akafoka.

"Mngeuliza."

Cleophus alisimama pale ameshika kamba kama mtu aliyeachiwa mbuzi asiye wake. Kwa mara ya kwanza sikuwa na hamu ya kumtania. Nilimfikiria mama kwenye kile kiti alichokielekeza mwenyewe.

"Hakuna mahali popote karibu?" nikauliza. "Tuna mama mzee huko chumbani. Mwanawe anaanza leo."

Bi Hostetler akanitazama vizuri kwa mara ya kwanza. Akawasubiri wale wengine watoke wakilaani, halafu akainamia meza.

"Nyuma ya huu mlima kuna kijiji, Sorrel Knob. Kituo chao cha zimamoto kimefunga antena juu ya mnara wa king'ora. Wanashika stesheni ya upande wa pili. Lakini leo wana sherehe yao, sijui kama wataingiza wageni."

Tulipofika nje Cleophus akanishika mkono.

"Shemeji, huko juu mimi nakujua. Watu wa rangi yetu hatusimami huko hata kwa petroli."

"Najua."

"Sherehe ya kijijini, wamekunywa, sisi tunagonga mlango. Unaona picha?"

"Naona."

Mama alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba, koti limeshafungwa vifungo, pai mkononi. Sijui alikuwa amesikia kiasi gani.

"Cleophus," akasema, "washa gari. Wanacheza."

Tulipita ule mlima kwa mwendo ambao sitaki kuukumbuka. Kwenye redio ya gari tulisikia robo ya kwanza ikiisha, halafu ya pili, sauti inakuja na kupotea kati ya mawe. Mara moja tu walimtaja Lavelle: mtu alimpita, akamwangusha mrusha mpira wetu chini. Mama akaizima redio.

Kituo cha zimamoto kilikuwa cha matofali, na magari mawili mekundu ya kuzimia moto yalikuwa yameegeshwa nje kwenye theluji ili ukumbi ubaki wazi. Ndani kodiani ilikuwa inalia. Harufu ya vitunguu vya siagi ilitufikia kabla hatujashuka. Na kutoka dirisha la nyuma, juu ya muziki, sauti ya mwanamume:

"Sabini na moja! Jamani, huyo sabini na moja ni mlango wa baa! Kila mtu anaingia!"

"Mtoeni!" mwingine akasema. "Wekeni kiti mahali pake, kiti kitasaidia!"

Mimi na Cleophus tukatazamana; jezi ya sabini na moja ilikuwa ya Lavelle. Mama akatupita sote wawili, akagonga mlango.

Alifungua mwanamke mpana mwenye aproni, mashavu mekundu, unga mpaka viwikoni. Baadaye tulijua anaitwa Anka Hudak na kwamba sherehe ilikuwa ya wazazi wake, Waslovaki wawili waliotimiza miaka hamsini ya ndoa. Wakati ule alitazama kofia ya mama, kisha pai, kisha sisi wawili nyuma kama walinzi walioshindwa kazi.

"Habari za mchana," mama akasema. "Mwanangu yuko kwenye televisheni, na nimeambiwa televisheni inayomwonyesha ni ya kwenu. Nimeleta pai."

Yule mwanamke akafikiri kidogo.

"Mwanao ni namba ngapi?"

"Sabini na moja."

Anka akapokea pai. Halafu akageuka, akajaza mapafu, akapiga ukelele uliokata kodiani katikati ya wimbo:

"Babyak! Funga mdomo wako! Mama wa sabini na moja yuko hapa!"

Ukumbi mzima ukageuka kututazama, watu kama themanini. Nilisikia maji yanachemka jikoni.

Chumba cha nyuma kilikuwa kidogo, kimejaa wanaume wenye suti na tai zilizolegezwa, na televisheni ilikuwa juu ya friji. Mbele kabisa, kwenye kiti pekee chenye mito, alikuwa Babyak, mkuu wa zimamoto, mtu mwenye shingo kama kisiki. Masikio yake yalikuwa yamegeuka rangi ya gari lake. Alisimama.

"Mama, karibu. Kaa hapa, tafadhali."

Mama akakaa. Akanyoosha sketi yake. Halafu akamtazama.

"Ulimwitaje mwanangu?"

"Mimi? Nilisema… mlango, mama. Kwamba ni mkubwa. Kama mlango."

"Uliofungwa au uliofunguliwa?"

Chumba kikalipuka kwa kicheko. Babyak alicheka kuliko wote, kicheko cha mtu aliyesamehewa kabla ya kuhukumiwa. Mtu akanipa bia. Mtu akampa Cleophus sahani ya pirogi, vile vitu vyao vya unga vilivyojazwa viazi na jibini, na Cleophus alipoonja tu alisahau kwamba alikuwa anaogopa.

Robo ya tatu ilikuwa imeanza. Tulikuwa nyuma kwa pointi nne.

"Yuko wapi?" mama akauliza.

Nikamwonyesha kwa kidole. "Yule. Wa pili kutoka kulia. Ameinama."

Mama akasogea mbele kwenye kiti. Mpira ukatoka, wachezaji wakagongana, kamera ikaufuata mpira kushoto, na Lavelle akapotea.

"Wamemtoa," mama akasema.

"Hawajamtoa, mama. Kamera inafuata mpira."

"Kwa nini?"

Wakapanga mstari tena, akamwona tena, mpira ukaruka, akapotea tena. Ikawa hivyo kila mara. Tumevuka milima miwili, na anachopata ni mgongo wa kijana umeinama, sekunde mbili tatu, halafu basi. Nilimwona anavyoshika mkoba wake. Hakulalamika, lakini hakuwa amemwona. Kumwona mtu ameinama si kumwona akifanya kazi.

Babyak naye alikuwa amelitambua hilo.

"Rudi kulia!" akaanza kuifokea televisheni. "Wewe mwenye kamera, rudi kulia! Mama yake anatazama!"

Wenzake wakamfuata. Mpaka robo ya nne, chumba kizima cha wanaume wa Kislovaki, waliokuwa wakimtukana Lavelle kabla hatujafika, kilikuwa kinapiga kelele, "Kulia! Kulia!" na mpira wenyewe hakuna anayeujali. Waliokuwa ukumbini wakaja kuona kuna nini. Wakaja wapiga muziki na kodiani yao. Akaja bibi wa sherehe, mama yake Anka, kizee kifupi chenye maua kifuani. Aliletewa kiti karibu na mama.

"Wanangu wanne," kile kizee kikasema, kikionyesha chini kwa kidole. "Machimboni, wote. Sijawahi kumwona hata mmoja kazini. Huko chini hakuna kamera."

Mama akamshika mkono, na hakuuachia.

Dakika ya mwisho ilitukuta bado tuko nyuma kwa zile pointi nne. Mkwaju wa pointi tatu usingetosha. Ilibidi mtu auvushe mpira ule mstari wa mwisho, na mstari ulikuwa hatua mbili tu mbele. Tulijaribu kupita kushoto tukakwama. Tukajaribu katikati tukakwama. Ikabaki nafasi ya mwisho.

"Watapita kwake," Babyak akanong'ona. "Kulia. Lazima wapite kwake. Mama, tazama sasa. Usipepese."

Mama hakuwa anapepesa.

Mpira ukatoka. Na wanaume wote wa chumba kile wakaruka juu kwa pamoja, mikono juu, matumbo mbele, ukuta wa suti kutoka friji mpaka mlangoni. Mayowe yalikuwa makubwa mpaka sahani zikacheza. Tumevuka! Tumeshinda! Mtu akanibusu shavuni. Cleophus alikuwa amekumbatiana na mpiga kodiani, na kodiani iko katikati yao inalia.

Nikamtazama mama. Alikuwa bado amekaa, kofia imepinda, mbele yake makoti tu.

"Thurman," akasema. "Sikuona."

Hata leo nikiikumbuka sauti ile najisikia vibaya. Nilitaka kumkamata Babyak shingo, kama ingekamatika. Tulikuwa tumekuja kwa jambo moja. Jambo lilitokea, na yeye aliona mgongo wa mkuu wa zimamoto.

Babyak akageuka, akamwona, akaelewa. Uso ukamshuka.

"Kaeni chini!" akanguruma kwa sauti ya kuamrisha watu juu ya paa linaloungua. "Wote! Sakafuni! Watarudia!"

Na wote wakakaa, wenye suti na wenye aproni, kwenye sakafu ya saruji. Mimi pia nikakaa.

Miaka ile televisheni ilikuwa imenogewa na kurudia picha polepole. Mzee mmoja kazini kwetu alikuita wizi wa muda: kwa nini unionyeshe kitu nilichokwisha kukiona? Mimi mwenyewe sikuwahi kufikiri kuna faida gani. Sasa picha ikaja, na haikuwa ile ya pembeni. Ilikuwa ya kamera iliyowekwa nyuma ya mstari wa mwisho, na mstari mzima wa wachezaji ulikuwa unatujia usoni. Katikati kabisa ya picha alikuwa sabini na moja.

Polepole alinyanyuka. Pumzi ilimtoka kwenye vyuma vya kofia kama moshi wa bomba. Mtu mbele yake alikuwa mkubwa kuliko yeye, na Lavelle akaingia chini ya mikono yake, akampata kifuani, na miguu yake ikaanza kutembea. Hatua. Hatua. Yule mtu akainuka kwenye visigino, akarudi nyuma, akarudi tena, akaanza kulala kama mti. Lavelle akalala naye, juu yake, na juu ya migongo yao mkimbiaji wetu akapita na mpira wake, mwepesi, kama mtu anayevuka kijito. Macho ya Lavelle tuliyaona kabisa. Yalikuwa wazi.

"Njia hiyo yote imefunguliwa na mtu mmoja," mtangazaji akasema. "Namba sabini na moja, Lavelle Pruitt."

Watu wote sakafuni wakageuza shingo kumtazama mama. Machozi yalikuwa yanamshuka mpaka kidevuni, na tukangoja atakachosema.

"Mikono wazi," mama akasema. "Baridi yote hii, mikono wazi mpaka mabegani! Thurman, yule mtoto hakuvaa fulana ya ndani!"

Sijawahi kusikia kicheko kama kile. Babyak alilala chali kabisa. Kile kizee cha maua kilirudiwa maneno sikioni na binti yake, halafu kikaanza kupiga kiganja cha mama kwa furaha, "Ndiyo, ndiyo, wote wako hivyo, wote!"

"Warudie," mama akasema, akijifuta uso.

Na wakarudia. Kabla ya ule mkwaju wa pointi ya nyongeza wakairudia tena kutoka kulekule nyuma, na mara hii chumba kizima kilihesabu hatua za Lavelle kwa sauti, na aliyeanguka alipoanguka walipiga makofi kana kwamba hawajui mwisho wake.

Baada ya hapo hatukuruhusiwa kuondoka. Pai ililiwa na watu wengi kuliko pai yoyote tangu ile mikate ya Injili. Kodiani ikarudi. Babu wa sherehe, mwenye suti pana ya miaka mingi, akaja mpaka kwenye kiti cha mama, akainama, akanyoosha mkono.

"Asante, baba," mama akamwambia. "Lakini mimi Mbaptisti. Sichezi."

Babu akafikiri.

"Basi tembea nami," akasema. "Ila haraka kidogo."

Mama akatembea naye. Walizunguka ukumbi mara mbili, haraka kidogo, na kama miguu yake iliangukia kwenye mdundo, mimi sikusema kitu, na Mchungaji Gaines nilimpelekea matokeo ya mechi tu.

Tulishuka mlima jua bado lipo, jekundu juu ya theluji. Sahani ya pirogi ya Cleophus, iliyofunikwa, ilikuwa kwenye dashibodi. Mama hakutaka kwaya wala kanda. Alikuwa amegeuka upande kwenye kiti chake cha mbele.

"Mlimwona alivyoingia chini?" akasema. "Hivi. Polepole hivi." Akaweka viganja viwili kwenye bega la Cleophus, akaanza kumsukuma taratibu.

"Mama, naendesha."

"Halafu mguu. Halafu mguu mwingine. Halafu yule mkubwa akaanza kwenda, hivi, hivi…"

"Mama, kona!"

"Endesha, usinikatishe. Bado hajaanguka."